Datsun 240Z ya marehemu baba imeliwa na kutu: nianzie wapi?

Swali

Mzee, habari za Nakuru. Mimi niko Kisumu. Baba yetu alituachia Datsun 240Z ya 1972. Aliinunua Mombasa akaiendesha huko miaka mingi, kisha akaja nayo nyumbani, na tangu miaka ya 1990 imekaa bandani nyuma ya nyumba, paa likivuja. Injini inazunguka kwa mkono. Shida ni bodi. Rangi imefura juu ya magurudumu ya nyuma, kapeti ya upande wa dereva ina unyevu hata wakati wa kiangazi, na mlango wa kushoto umeshuka mpaka niuinue ndipo ufunge. Fundi mmoja anasema atakwangua, apige filla, ile pasti ya kujaza mabonde, kisha rangi, gari litoke kwa wiki mbili. Mwingine anasema niliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndugu zangu wananingoja niamue. Je, gari hili linaokoleka? Na nianzie wapi?

Binti wa Kisumu

Jibu

Binti yangu, pole sana kwa kuondokewa na mzazi, na asante kwa kuniuliza kabla hujamkabidhi mtu ufunguo. Gari la namna hiyo mara nyingi linaokoleka, na kazi inaweza kufanyika hapo hapo Kisumu. Huyo wa wiki mbili usimpe. Huyo wa vyuma chakavu usimsikilize bado. Wote wawili wameangalia rangi. Hakuna aliyelala chini ya gari na tochi, na uamuzi wa gari hili uko chini.

Datsun 240Z haina chesi kama ya Land Rover au lori, ile ngazi ya chuma ambayo bodi hukalia juu yake. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Sakafu, mihimili miwili iliyochomelewa chini ya sakafu, zile boriti za chini ya milango ambazo sisi mafundi tunaziita sili, nguzo za milango na paa, vyote vimeshonwa pamoja kwa nukta za moto kiwandani, na kila kimoja kinabeba sehemu ya mzigo wa mwenzake. Pikapu ikiliwa mlango na kutu, umepoteza mlango. Gari lako likiliwa sili, mlango hauna pa kushika, magurudumu ya mbele na ya nyuma hayako tena kwenye mstari mmoja, na siku ya kugongwa hakuna kinachokulinda ubavuni.

Ule uvimbe wa rangi juu ya gurudumu la nyuma haukuanzia nje. Pale juu pana mabati mawili yaliyokunjwa na kukutana ukingoni. Tope linarushwa na gurudumu, linakaa ndani ya mkunjo huo, maji yanabaki, kutu inaanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma yale mabati mawili yaachane, inapasua rangi kutoka chini, na siku moja unaona kipele. Ukifikia kuona kipele, ndani mambo yameshaendelea kwa miaka. Ndiyo maana filla juu yake haimalizi hata misimu miwili ya mvua: filla ni kitu chenye vinyweleo, kinanyonya unyevu na kuushikilia juu ya kutu ileile.

Gari lako pia limeishi maisha mawili. Watu wengi Kisumu hulaumu upepo wa ziwa, lakini Ziwa Viktoria ni maji matamu, hayana chumvi ya kula chuma namna hiyo. Chumvi gari liliipata Mombasa. Ikajificha ndani ya vishimo vidogo vya kutu na ndani ya mihimili, na sifa ya chumvi ni kuvuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na tone la mvua. Unyevu wa Kisumu ukaikuta tayari. Hiyo inaweza kuwa sehemu ya sababu kapeti yako haikauki wakati wa kiangazi. Kwa hiyo kabla ya grinda kugusa chochote, chini ya gari paoshwe kwa maji safi mengi, mpira uingizwe ndani ya mihimili na sili mpaka maji yatoke bila rangi ya tope, kisha gari likaushwe juani milango wazi siku mbili tatu. Brashi ya waya peke yake haiondoi chumvi. Inaing'arisha kutu tu.

Sasa tafuta Jumamosi moja. Unahitaji tochi, bisibisi butu, nyundo ndogo, sumaku iliyofungwa kitambaa, na jagi la maji. Kazi hii ifanye mwenyewe, pamoja na ndugu mmoja wa kushika tochi. Ukiona kwa macho yako, hakuna fundi atakayekudanganya baadaye.

Toa viti na kapeti zote. Chini ya kapeti utakuta tabaka jeusi kama lami, lililobandikwa kiwandani kupunguza kelele. Likipasuka, maji hupenya chini yake na hayana pa kutokea. Ligonge kwa mpini wa bisibisi. Penye bati zima sauti hurudi. Penye uozo utasikia kama unagonga kadibodi. Baadaye tabaka hilo litang'olewa lote, kwa patasi pana na hita ya mkono. Mtu asilichome kwa moto wa gesi, maana linashika moto na moshi wake ni mbaya kwa kifua.

Kisha lala chini ya gari, likiwa juu ya stendi imara, usitegemee jeki. Mihimili ya chini ya sakafu ni kama mfereji uliobandikwa kwenye sakafu, ndani mtupu, na ndani ya utupu huo mna tope la miaka. Ichome kwa bisibisi kwa nguvu za mkono mmoja. Chuma kizima kitakukatalia, kilichooza kitaingilika. Ufuate mhimili mpaka nyuma ya gurudumu la mbele, utakuta kikombe cha chuma kinachoshika fimbo inayozuia gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Hapo kaa kidogo, angalia pande zote, gonga, choma. Kikombe hicho kikiachia unapofunga breki, gurudumu linarudi nyuma na usukani unakutoka mikononi. Mimi gari likiwa na uozo pale, sikubali mwenyewe alisogeze hata hadi kituo cha mafuta.

Chumba cha injini, toa betri na kisahani chake. Asidi iliyomwagika hapo miaka hamsini huteremka mpaka kwenye boriti iliyo chini yake, na boriti hiyo ni ya kubeba.

Sasa njoo kwenye paneli yenye matundu chini ya kioo cha mbele, kwa maana naamini sehemu kubwa ya ugonjwa wako inaanzia hapo. Maji ya mvua yanaingia kwenye matundu hayo na kutakiwa kutoka pembeni kabisa, nyuma ya fenda za mbele, karibu na bawaba za milango. Banda lenu liko chini ya mwembe? Nauliza kwa sababu majani ndiyo yanayoziba njia hizo. Yakiziba, maji hujaa mle ndani kama kwenye beseni, yanatafuta tundu la hewa la dereva, yanashukia miguuni pake. Mwaga jagi moja polepole juu ya matundu upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, ndugu yako akitazama chini na ndani. Maji yatoke chini, nyuma ya gurudumu la mbele, upesi. Yakichelewa au yakitokea ndani, umeshampata adui.

Fenda za mbele za 240Z zimefungwa kwa boliti, hazikuchomelewa, kwa hiyo zinatoka bila kukata kitu. Zipake boliti mafuta ya kulegeza siku moja kabla. Ukitoa fenda, kati yake na nguzo ya mlango mara nyingi utakuta udongo mweusi wa majani yaliyooza, unaoloweka mwanzo wa sili na sehemu ya chini ya fenda kila mvua inaponyesha. Ukiukuta, usiutupe tu na kuendelea. Piga picha, maana ndiyo ramani ya mahali fundi atakapokata.

Nyuma, raba ya mlango mkubwa ikishakauka na kuwa ngumu, maji yanashuka kwenye kizingiti, kwenye paneli ya taa, na kwenye shimo la gurudumu la akiba. Inua gurudumu la akiba uangalie. Kwa sumaku, pita juu ya matao ya nyuma na kona ya chini kati ya mlango na gurudumu la nyuma. Sumaku ikiteleza bila kushika, pale pana filla ya zamani, na mtu fulani alishawahi kuficha kitu Mombasa.

Mlango ulioshuka uchunguze kabla ya kuogopa. Ufungue nusu, ushike ncha yake ya chini, uinue na kuushusha. Ukicheza kwenye bawaba, huenda ni pini tu zimelika, na hiyo ni kazi ndogo. Bawaba zikiwa imara na mlango bado unagonga chini ya kufuli, tatizo liko kwenye nguzo au kwenye sili. Chukua futi ya kamba, pima uwazi wa mlango kwa mshazari, kona hadi kona, kushoto na kulia, uandike. Tofauti ya milimita chache inaeleza mengi.

Ukimaliza ndipo utajua kama gari linastahili. Maoni yangu ni haya: sakafu kuoza yote si hukumu ya kifo, sakafu ni bati pana tu. Sili na mihimili ya upande mmoja, kazi inafanyika. Sili zote mbili, mihimili yote, kile kikombe cha mbele na minara ya springi za nyuma vyote vikiwa vimeoza kwa pamoja, hapo mtafute bodi nyingine au mliuze kwa mtu mwenye karakana na subira, na mmwambie ukweli. Hata hapo si la kwa muuza vyuma chakavu. Vioo, taa, dashibodi, injini na gia za 240Z vinatafutwa duniani kote.

Ndugu zako wakikuuliza kwa nini uhangaike na gari kuukuu, waeleze kwamba hili lina jina katika barabara zetu wenyewe. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari Rally za 1971 kwa 240Z, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakairudia, mwaka ambao Mehta na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, walimaliza pointi zao zikilingana. Ni injini ileile iliyo bandani kwenu, silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393. Nissan yenyewe katika miaka ya 1990 ilinunua magari haya kuukuu Marekani, ikayarekebisha na kuyauza upya. Mimi sijawahi kuchoka kuitazama ile bonneti ndefu. Lakini bati halichomelewi kwa sifa, kwa hiyo turudi kazini.

Kabla ya kukata, lazima nikusimulie kosa langu. Nilipokuwa kijana hapa Nakuru nililetewa gari dogo la michezo la Kiingereza, bodi ya aina hiyohiyo isiyo na chesi. Sili zote mbili zilikuwa zimekwisha. Nilizikata siku moja, kushoto na kulia, gari likiwa limekalia matofali katikati. Nilichomelea mpya kwa uangalifu, nikasaga mpaka kiungo hakionekani. Siku ya kurudisha milango hakuna hata mmoja uliofunga. Bodi ilikuwa imelegea na kujikunja kidogo wakati haina sili, nami nikaichomelea ikiwa imejikunja. Nilikata tena kila nilichokuwa nimechomelea. Mwenye gari alingoja miezi ambayo hakupaswa kungoja, na bado naona aibu nikimkumbuka.

Kwa hiyo sharti la kwanza kwa fundi wako liwe hili. Gari liwekwe juu ya stendi mahali ambapo uzito hubebwa na springi, mbele na nyuma, lisawazishwe kwa pimamaji. Kisha kila uwazi wa mlango ufungwe kwa bomba la mraba la milimita 25, moja la kulala kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kufuli na jingine la mshazari, lichomelewe mahali ambapo baadaye patafunikwa. Vipimo vya mshazari viandikwe ukutani kwa chaki. Akate upande mmoja, aumalize kabisa, ndipo aguse wa pili. Na kabla ya kuchomelea sili moja kwa moja, ashike kwa nukta chache tu, aondoe bomba, arudishe mlango, aangalie pengo linavyokwenda kuanzia juu hadi chini. Fundi akikuambia hayo ni kupoteza wakati, mshukuru umwachie aende.

Tangi la petroli litoke kwanza na likae mbali. Petroli iliyokauka ndani ya tangi kuukuu bado huacha mvuke unaolipuka. Betri itolewe, nyaya za altaneta zifunguliwe, na pawe na ndoo ya mchanga na mtu wa kuangalia upande wa pili wa bati linalochomelewa. Lile tabaka la lami hushika moto usipoona.

Juu ya bati, hapa kwetu kuna tabia ambayo lazima niiseme waziwazi. Ukipita kwenye vibanda vya jua kali, Nakuru au pale Kibuye, Kisumu, utaona sakafu za magari zikizibwa kwa mabati ya paa. Bati la paa ni jembamba mno kwa kazi hiyo, na limepakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na baridi jioni ile ile. Nimewaona vijana wakimeza dawa ya malaria kumbe ni moshi wa mchana. Tena kiungo chake hujaa matundu. Agiza bati jeusi lisilo na zinki, geji 20, ambalo ni kama milimita 0.9, kwa sakafu na sehemu za nje. Kwa mihimili na sehemu za kubeba, geji 18, kama milimita 1.2. Vinauzwa kwenye maduka ya vyuma Kisumu, huna haja ya kwenda Nairobi.

Mihimili iliyokwisha kukunjwa, sakafu zenye mbavu zake na kona za nyuma ya mlango zinatengenezwa na makampuni ya Marekani na kwingineko, unaweza kuagiza. Ningeagiza mihimili na kona, kwa sababu umbo lake likikosewa kila kitu kinakosewa. Sakafu ningeikunja hapa hapa kama fundi ana mashine ya kupiga mbavu. Usidharau mbavu hizo, ndizo zinazozuia sakafu kupiga kelele kama debe.

Kukata ni mpaka kwenye chuma kinachong'aa, tena sentimita mbili zaidi. Kiraka kisilale juu ya bati lililooza. Kiraka kinacholala juu ya bati jingine kinatengeneza mfuko mpya wa maji, na uozo utarudi ukingoni mwake. Kwa bati la nje, kipande kipya kikutane na cha zamani ukingo kwa ukingo. Pale ambapo kiwanda chenyewe kilipandisha bati juu ya bati, kama mhimili na sakafu, fundi atoboe matundu madogo na kuyajaza moto kuiga zile nukta, na katikati ya mabati hayo ipakwe praima, yaani rangi ya kwanza, ya zinki inayovumilia kuchomelewa. Baada ya hapo viungo vyote vizibwe kwa silanti ya bodi, ndani na chini.

Mashine ya kuchomelea iwe ya waya na gesi, waya wa milimita 0.6. Mashine ya vijiti inayochomelea mageti itatoboa bati hili, na hata isipotoboa italikunja kwa joto. Mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi ndio mzuri. Kaboni dayoksaidi peke yake ni rahisi kupatikana na inafaa, ila hurusha cheche zaidi na huhitaji mkono mwepesi. Achomelee nukta moja, aruke sentimita tatu, nukta nyingine, aende upande mwingine wa kiraka, aache pakapoa kwa hewa. Anayevuta mstari mrefu mara moja atakuachia bati lenye mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo yatakayodai filla. Wapo wazee wachache wanaoweza kuchomelea bati kwa gesi ya asetilini likatoka limenyooka kama karatasi. Ukimpata mmoja wao, mpe kazi na uende ukamtazame.

Kuna sehemu unayoweza kufanya mwenyewe bandani wakati fundi anachomelea, nayo ni vitu vidogo: mabano ya taa, bamba za kufuli, vishikio vya bampa. Chukua ndoo kubwa ya plastiki, maji, na magadi yaliyokolea kidogo tu, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Ndiyo, magadi, ileile soda ya Ziwa Magadi. Ning'iniza kipande chenye kutu katikati, kifunge kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Kwenye waya chanya funga kipande cha chuma cha kawaida cha kutupa, visigusane. Kesho yake kutu itakuwa imelegea, unaiondoa kwa brashi na chuma kizima hakijaguswa. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kama kijiko cha jikoni, upande wa chanya. Hutoa sumu ndani ya maji. Fanya nje, maana mapovu yale ni gesi inayowaka. Springi na boliti ngumu za magurudumu usiziweke humo, zinaweza kuwa dhaifu na kukatika. Magadi mabichi huwa na chumvi ya kawaida ndani yake, kwa hiyo suuza kila kipande mara mbili na kikaushe kwa hita, kisha praima siku hiyohiyo.

Dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi watu huziamini kupita kiasi. Zinafaa kwa kutu nyembamba iliyoshikamana kwenye chuma kinene, kama vile sehemu za chini zisizofikika kwa msasa. Penye tundu hazina kazi. Zile za asidi ya fosforiki zisipoondolewa vizuri, praima ya epoksi juu yake itabanduka.

Kuhusu rangi nitasema machache, kwa kuwa bodi ikiwa sawa mpigaji rangi yeyote makini ataifanya. La muhimu kwako ni unyevu. Kisumu mvua ya alasiri haingoji msimu, na bati tupu likilala wazi usiku mmoja karibu na ziwa, asubuhi lina rangi ya chungwa. Avue rangi sehemu anayoweza kuipaka epoksi siku hiyo, si zaidi. Apake asubuhi jua likishapasha bati joto, wala si jioni. Bati liwe na joto lililozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutanda, kwa angalau nyuzi 3. Epoksi itangulie kwenye chuma, ndipo filla, na filla isizidi milimita mbili tatu. Asitumie maji kusugua mahali ambapo chuma kiko wazi. Rangi ya mwisho chagueni nyinyi kama familia, ila ningetafuta rangi ya awali chini ya kapeti na nyuma ya dashibodi, mahali jua halikufika.

Rangi ikishakauka kazi haijaisha, na hapa ndipo karakana nyingi husahau. Ndani ya sili, mihimili na nguzo hakuna rangi inayofika. Puliza nta maalumu ya ndani ya bodi kwa mpira mwembamba wenye tundu pembeni, kupitia matundu yaliyopo, mpaka itoke kwenye matundu ya kutolea maji. Kisha yazibue matundu hayo kwa waya, kwa maana nta ikiyaziba umetengeneza mtungi. Wengi watakushauri upulize oili chafu ya injini. Sishauri. Inalainisha raba, inashika vumbi mpaka linakuwa tope lenye mafuta, ina uchafu wa mwako wa injini ndani yake, na siku utakapohitaji kuchomelea tena pale, itawaka.

Mambo mawili ya karatasi na pesa. Namba ya chesi ya 240Z imegongwa kwenye ukuta kati ya injini na dereva. Ipige picha leo, ilinganishe na logbook, kile cheti cha umiliki wa gari, na fundi asiiguse wala kuifunika. Kama logbook bado iko kwa jina la baba, maliza mirathi na uhamishe umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kutumia pesa nyingi. Na fundi umlipe kwa hatua: kuvua na kufunga mabomba, upande wa kulia, upande wa kushoto, sakafu, nyuma, rangi. Kila hatua uione kwa macho kabla haijapakwa kitu cheusi juu yake. Mwambie tangu mwanzo kwamba chuma kitupu ndicho unachotaka kuona.

Lakini kabla ya hayo yote, wiki hii, ziba paa la banda, toa kapeti nje, zibua yale matundu chini ya kioo, na inua gari likae juu ya mbao, lisiguse udongo. Hayo hayana gharama kubwa na yanapunguza kasi ya uozo kuanzia leo. Ukimaliza ukaguzi niandikie tena, ukiniambia vipimo viwili vya mshazari vya kila mlango, na bisibisi iliingia wapi upande wa kushoto na wapi upande wa kulia. Kwa hayo nitaweza kukuambia kama tunazungumzia kazi ya miezi michache au ya mwaka mzima.